Melfodi Hayumo Kitabuni

Njia ya Mlowo,
Wilaya ya Mbozi,
Songwe.
12 Juni

Kwa Mhariri,
Kitabu cha Majina Elfu Moja ya Watoto wa Kiume.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUSAHAULIWA KWA JINA MELFODI

Kichwa cha barua hii kinajieleza, lakini Mwalimu Kasiani, anayetufundisha Kiswahili kidato cha pili, anasema kichwa kisicho na kiwiliwili hutisha watu. Kwa hiyo naeleza.

Naitwa Ruti Fanueli Haonga, nina miaka kumi na mitano. Sina ugomvi na kitabu chenu. Jalada lake linang'aa, na mtoto aliyepigwa picha juu yake ameshiba. Baba alikinunua Tunduma, karibu na stendi, siku aliyokwenda kufuata mabati. Mama anatarajia kujifungua mwezi huu. Sisi ni wasichana wanne, na kipimo cha hospitali kimesema huyu wa tano ni wa kiume. Tangu siku hiyo, kila tukimaliza kula, baba hufungua kitabu chenu na kuyasoma majina kwa sauti kama mwalimu wa zamu anayeita mahudhurio. Ametangaza kwamba mtoto wake hatatoka nje ya kitabu hicho. Mpaka sasa amelipigia mstari jina Raiani, ambalo mnasema maana yake ni mfalme mdogo.

Mimi nilikuwa nasubiri jina la babu yangu aliyefariki mwaka juzi. Tulipofika herufi M nilikaa vizuri. Baba akasoma Melkizedeki, kisha akasoma Melvini. Nilimwomba kitabu nikakagua, kwa sababu wakati mwingine kurasa mbili hugandana. Hazikuwa zimegandana. Melfodi hayumo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina hili lina asili, tena asili nzito. Baba wa babu yangu, mzee Zebedayo, alikuwa mzungusha mpini wa mashine ya kumenyea kahawa katika shamba la mlowezi mmoja hapa Mbozi. Alikuwa amejifunza kusoma kwenye darasa la ubatizo, na mtu akishajua kusoma hutafuta cha kusoma. Biblia ilikuwa moja na ilikaa kwa mwinjilisti. Maandishi mengine pekee yaliyokuwa karibu ni kibao cha chuma ubavuni mwa mashine, chenye neno moja: MELFODI. Alilisoma kila siku kwa msimu mzima wa mavuno. Mke wake alipojifungua mtoto wa kiume kati ya magunia ya kahawa, hakusumbuka kutafuta jina. Alisema jina la kwenye karatasi huliwa na mchwa, lakini mchwa hajapata kula chuma. Naomba mnioneshe jina lingine kitabuni mwenu lenye uzito wa kilo sitini.

2. Jina hili linapendwa. Mwalimu Kasiani ametufundisha kwamba dai bila utafiti ni umbeya, kwa hiyo nilifanya utafiti Jumamosi mbili. Niliwauliza wanunuzi wa kahawa Mlowo kama wanamjua Melfodi yeyote. Binamu yangu Gwalugano aliuliza kwa niaba yangu Tunduma, mpaka kwa Wazambia wanaovuka kununua nguo. Watson, jirani yetu mwenye kusafirisha mpunga, aliniletea taarifa kutoka Kamsamba kwamba kule yuko Melfodi mmoja, mwenye nguvu sana, anayefahamika na kila mtu. Nilifurahi nikashindwa kulala. Baadaye ilidhihirika kuwa ni maksai wa plau. Babu mwenyewe ndiye aliyemuuza, na walionunua wakampa maksai jina la mwenye mali. Pamoja na jogoo wetu, ambaye nakiri nilimpa jina hilo mimi mwenyewe wiki moja kabla ya utafiti, Melfodi walio hai ni wawili, katika wilaya mbili. Raiani hana maksai hata mmoja.

3. Kwa kukosekana kitabuni mwenu, jina hili limeniaibisha kanisani. Kwenye mashindano ya Biblia ya shule ya Jumapili tuliulizwa tutaje manabii wadogo. Nilisimama wa kwanza nikataja Hosea, Yoeli, Amosi na Melfodi. Mwinjilisti Ambwene aliniuliza kwa upole, "Melfodi huyo yuko sura ya ngapi?" Nikamjibu kwamba kitabu chake ni kifupi sana. Nilikuwa nimeamini hivyo tangu utotoni, kwa kuwa nyumbani jina lile lilitajwa kwa heshima kubwa, na sikudhani watu wanaweza kuiheshimu mashine kiasi hicho. Kundi letu lilikuwa la mwisho. Kama kitabu chenu kingekuwa na jina hili na maelezo yake, ningejua mapema.

4. Baba anaamini kilichochapwa tu. Nimemweleza kwamba jina la babu limechapwa pia, tena kwa chuma. Akasema, "Hilo ni jina la mashine, Ruti. Nimpe mwanangu jina la mashine? Shuleni watamletea ndoo za kahawa awamenyee." Nilikuwa na majibu matatu, lakini sikuyatoa. Bibi Leah aliniambia baadaye kwamba baba alipokuwa mdogo wenzake walimwita mtoto wa mashine, na wakimwona wanazungusha mikono hewani kama wanaoshika mpini. Hata majina yetu marefu shuleni aliyaandikisha kwa ukoo, Haonga, akaliruka la babu. Simlaumu baba. Nalaumu kitabu, kwa sababu mtu aliyechekwa anahitaji kitu cha kumwonesha aliyemcheka.

5. Baba ana hoja nyingine ambayo ni ngumu zaidi. Kwetu mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Mama ameishi katika nyumba hii miaka kumi na saba na sijawahi kusikia neno Melfodi kinywani mwake. Jogoo wangu anamwita "yule mwenye kishungi". Baba anauliza, "Sasa huyo mtoto mama yako atamwitaje?" Nilipomuuliza mama mwenyewe alikuwa anachambua maharage, akasema, "Mtoto haitwi na mama yake tu." Kisha akaendelea kuchambua. Naomba kitabuni mweke alama ndogo pembeni ya jina, kuonesha kwamba wakwe wanaruhusiwa kusema "Baba".

6. Namba hii ni fupi kwa sababu sikuweza kuichekesha. Bibi Leah ana wajukuu wanne wa kike na hana mjukuu wa kumwita "mume wangu". Kofia ya babu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, anaianika kila Jumamosi. Jina la babu kwenye msalaba wa kaburi liliandikwa kwa rangi, na mvua za masika mbili zimeshalichukua nusu.

7. Kabla sijaanza shule, babu alinifundisha kusoma kwa kuupeleka mkono wangu juu ya kile kibao. Mashine yenyewe, ambayo mzee Zebedayo aliachiwa mlowezi alipoondoka, ipo nyuma ya jiko letu, imeshika kutu na kuku wanalala juu yake, lakini kibao ni kizima. Neno la kwanza nililolisoma duniani lilikuwa jina lake. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kama Melfodi si jina, basi mimi sijui kusoma, na barua hii haijaandikwa, na itabidi nirudi darasa la kwanza nikakae na mdogo wangu Jenista, ambaye atafurahi sana.

Kutokana na hayo, naomba mtekeleze yafuatayo kabla mwezi huu haujaisha, maana mama hatasubiri. Ingizeni jina Melfodi juu ya Melkizedeki. Kama majina yatakuwa elfu moja na moja, punguzeni lolote, mkianza na herufi R. Chapeni upya vitabu vyote. Vilivyokwisha kununuliwa vifuatwe nyumba kwa nyumba na kusahihishwa. Kwenye jalada, mtoto aliyeshiba avalishwe kofia. Mwisho, mtu mzima kutoka ofisini kwenu, mwenye koti, aje Mlowo amsomee baba ukurasa huo kwa sauti. Tutamwelekeza njia. Akiona mashine yenye kuku, amefika.

Naambatisha ushahidi. Niliweka karatasi ya daftari juu ya kibao nikaisugua kwa mkaa mpaka jina likatokea lote, jeupe katikati ya weusi. Mama alinishikia pembe mbili za juu ili upepo usiichukue. Aliitazama karatasi muda mrefu. Yeye ndiye anayenitunzia karatasi hiyo pamoja na bahasha, kwa sababu mimi hupoteza vitu, hata kalamu ninayoandikia nimeiazima.

Najua ofisi yenu ina kazi nyingi, na huenda mimi si mtu wa kwanza kuwaletea babu. Lakini wengine babu zao wamo kitabuni. Nawasalimu wote hapo, mkubwa kwa mdogo, na anayepanga herufi. Bibi anawasalimu, na baba pia angewasalimu kama angejua naandika.

Ni mimi msomaji wenu, mwenye matumaini,

Ruti Fanueli Haonga

N.B. 21 Juni. Ndugu Mhariri, barua hii ilikuwa haijafika posta, na sasa naomba msitekeleze chochote kati ya mliyoyasoma.

Mama alijifungua Jumanne asubuhi kituo cha afya. Ni wa kiume kweli. Baba alikuwa ametoka kutafuta uji, na kitabu chenu kilikuwa kwapani mwake. Muuguzi akachukua kalamu akauliza jina la mtoto. Mama hakutamka neno. Alifungua fundo la khanga yake, akatoa karatasi yangu ya mkaa iliyokunjwa mara nne, akampa. Ndiyo sababu kiambatisho hamtakiona. Muuguzi alinakili kwa wino kwenye kadi, herufi kwa herufi, akasema ni jina zuri, la nabii gani? Nilikuwepo, na safari hii nilinyamaza.

Baba aliporudi alipewa kadi. Aliisoma akiwa amesimama na chupa ya uji mkononi. Kisha akamwangalia mama, na mama akaangalia dirishani. Akasema, "Basi, imeshaandikwa." Jioni, nyumbani, aliazima kalamu niliyoiazima, akafungua kitabu chenu, na katika nafasi nyembamba juu ya Melkizedeki akaandika Melfodi. Kwenye upande wa maana aliandika: baba yangu. Bibi tayari anamgombeza mume wake kwa kulala mchana.

Kwa hiyo kitabu chetu kimekamilika, na vya wengine naomba mviache vilivyo. Yule muuguzi ana dada yake anayeishi Saza, anayekaribia kujifungua, na ameshaomba ile karatasi akainakili. Tumemwambia imepotea, na alipoambiwa kwamba ni mali yangu na kwamba mimi hupoteza vitu, aliamini. Mkilichapa jina hili, kila nyumba italichukua, na halitakuwa letu tena.

Isitoshe, takwimu za namba mbili zimeharibika. Mwenye kishungi alichinjwa Jumatano kwa supu ya mama. Tumebaki na mmoja hapa ndani na yule wa plau kule Kamsamba, na tumekaa kama familia tukaona wanatosha.