Korongo la Mwanangu

Ijumaa, 1 Machi

Mtoto ana siku kumi leo. Mzuri! Masikio kama vifungo vya shati. Hana jina. Yaani jina analo, ila liko kichwani mwangu, hajaandikishwa. Sheria inatupa siku ishirini na moja. Mwisho ni Jumanne ya tarehe kumi na mbili.

Nataka aitwe Oighrig. Ni jina la bibi yangu aliyenilea kule kisiwani Lewis. Linatamkwa Oirik, basi, si kazi ngumu. Lakini shuleni walimwandika Effie, kwa kuwa mwalimu hakutaka majina ya Kigaeli, lugha yetu ya kisiwani. Kanisani Effie. Hata jiwe la kaburi, Effie! Mtu kaishi miaka themanini na tatu, na jina lake halijaandikwa mahali popote. Isipokuwa siku moja nililiandika mimi kwa kidole kwenye mvuke wa dirisha la jikoni. Bibi akacheka, akalipangusa, apate kuona kama kondoo wameingia kwenye kabichi.

Mama mkwe hataki. Yeye anataka mtoto aitwe Wilma. Kwa bahati tu, Wilma ni jina lake. Leo kasema Oighrig si jina, ni kikohozi. Herufi saba kwa silabi mbili, ni ubadhirifu! Kisha akaweka kikombe chini akasema, "Nionyeshe limeandikwa kwenye kitabu. Kimoja tu, mwanangu. Nitanyamaza mpaka siku ya kufa."

Nimetafuta nyumba nzima. Tuna vitabu vitatu. Biblia, mapishi, na matengenezo ya trekta. Hamna.

Mume wangu Struan kaulizwa yuko upande gani. Kasema, "Mh."

Jumapili, 3 Machi

Wazo! Limenijia nikinyonyesha. Mawazo yangu mazuri yote hunijia upande wa kushoto.

Bwana Torquil Abernethy yuko kijijini. Amepanga chumba kwa jirani yangu Senga Rattray. Huyu bwana anaandika kitabu cha makorongo ya milimani. Ni kitabu cha wale wasiotaka kuteleza kwenye theluji iliyolainishwa kama watu wenye akili. Wao wanataka kushuka na ski, zile mbao za kutelezea, mahali ambapo kondoo mwenyewe hupita akisali. Kila korongo kaliandikia: mteremko wake nyuzi ngapi, theluji hukaa mpaka mwezi gani, na ukianguka utafikia wapi. Toleo jipya anakamilisha juma hili hili.

Na desturi yao ni hii. Aliyeshuka wa kwanza ndiye anayelipa korongo jina!

Sasa, lile korongo jembamba la mlima Bodach, ninaloliona nikiosha vyombo. Halina jina! Limekaa tu pale miaka yote, kama mwanangu.

Nimeoka biskuti za siagi saba, kila moja na herufi yake, ili Bwana Torquil alizoee jina mapema. Senga kafungua mlango, kazipokea kwa mikono miwili, kasema bwana yuko bafuni. Jioni nimesikia zilizomfikia ni mbili. G na G.

Jumatatu, 4 Machi

Loo! Senga naye analitaka korongo. Anataka liitwe Tavish. Tavish ni mbwa wake!

Kamwambia Bwana Torquil kwamba Tavish alishuka pale mwaka jana akimfukuza sungura, kwa hiyo wa kwanza ni yeye. Bwana Torquil kajibu kwa upole kwamba mbwa hakuwa na ski. Senga kauliza sungura je. Bwana Torquil kasema sungura pia. Sharti ni mtu, tena avae ski kutoka juu mpaka chini bila kuzivua, na pawe na shahidi.

Basi Senga kasema atashuka mwenyewe. Miaka hamsini na nane, na magoti mawili ya hospitali! Nilimkuta dukani nikamwonea huruma ya uongo. Nikamwambia, jamani, magoti hayo dada yangu. Akanipiga bega. "Mapya haya, shoga. Bado yana garantii."

Jumanne, 5 Machi

Nimemvaa Struan. Anaendesha ile mashine ya kulainisha theluji kule kwenye lifti ya kupandisha watelezaji mlimani, na ametembea na ski kabla ya kutembea na viatu. Kasema korongo lile lina ukingo wa theluji juu unaoning'inia kama rafu ya duka bovu. Theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, katikati huwa kioo. Maneno ishirini na kitu! Sijamsikia hivyo tangu harusi.

Nikamweleza habari za Bibi na dirisha. Nikalia. Theluthi moja ilikuwa ya makusudi, zilizobaki zilikuja zenyewe. Struan akamwangalia mtoto, akaangalia mlima. Akasema, "Mh." Lakini mh ya chini, ile ya kukubali! Ijumaa ana mapumziko. Atapanda akague. Theluji ikiwa mbaya atarudi, nisimnunie. Nimeahidi.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Senga naye kapanga Ijumaa. Ametoa ski nje, anazipaka nta mbele ya dirisha langu huku akipiga mluzi.

Nifanyeje? Kuficha ski za mtu ni wizi. Kumtisha na habari za maporomoko ya theluji ni dhambi. Nimekaa nafikiri, mtoto kalala kifuani pangu, mkono umekufa ganzi, chai inapoa mezani na siifikii. Siwezi hata kujikuna pua.

Siwezi hata kujikuna pua!

Alhamisi, 7 Machi

Ukungu kutwa. Siku nzuri ya jaribio.

Saa nne asubuhi nilimnyonyesha mtoto mpaka akalewa. Nikamlaza kifuani kwa mama mkwe, nikasema naenda kuanika nguo mara moja. Nikaanika. Nikakunja. Nikapiga pasi hata soksi. Saa sita kasorobo nilipochungulia, mama mkwe alikuwa pale pale, shingo upande, ananong'ona kwamba mguu wake mmoja ameshaupoteza. Nikamwambia amlaze basi kitandani. Akanitolea macho. "Nimwamshe? Una moyo wa jiwe wewe?"

Muda wa saa moja na dakika arobaini na tano. Hakuna pingu duniani zinazomfikia mwanangu.

Ijumaa, 8 Machi

SIKU YENYEWE.

Mbingu buluu, upepo mkali. Struan katoka mapema na kamba na koleo. Bwana Torquil naye kaenda kusimama chini ya korongo na darubini na daftari lake.

Saa tatu na nusu Senga katoka, kavaa kila kitu, ski begani. Nikamkimbilia na mtoto kashiba, nepi safi. Nikamwomba anishikie dakika mbili tu, chungu cha supu kinafurika. (Chungu kilikuwa kabatini.) Kasema ana haraka. Nikamwambia mtoto hajawahi kumwona vizuri jirani yake. Kakaa kwenye kiti cha jikoni na buti zake kubwa. Mtoto kapiga mwayo mmoja, kamshika kidole, kalala.

Nimeshinda!

Kisha nikasimama dirishani na ushindi ukanitoka wote. Struan alikuwa kidoa cheusi pale juu, chini ya ule ukingo. Akakaa pale muda mrefu. Anachokonoa theluji kwa fimbo. Nikaanza kusema kimya kimya, rudi, rudi tu, tumwite Wilma, hata Tavish, sijali. Senga nyuma yangu akanong'ona, "Upande wa kushoto. Mwambie ashike kushoto, kulia ni barafu." Kana kwamba Struan angenisikia kule juu!

Kidoa kikashika kushoto. Kikaruka, kikageuka, kikaruka, kikageuka. Kumi na moja. Tulizihesabu sote wawili, mimi kwa sauti na Senga kwa midomo. Kikatoka chini kizima. Nimelia theluthi tatu.

Senga akasema taratibu, "Supu yako haina harufu, shoga." Lakini hakusimama. Hakuweza.

Struan karudi, ndevu zote barafu. Nikamuuliza kama alimpigia Bwana Torquil kelele kumtajia jina. Kasema ndiyo, kwa nguvu zake zote, upepo ulikuwa usoni. Na Bwana Torquil kaandika? Kaandika.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemchukua mama mkwe mkono kwa mkono mpaka kwa Senga. Nimevaa gauni la harusi ya dada yangu. Bwana Torquil akafungua daftari, akatafuta ukurasa, akamgeuzia. Mama mkwe akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, kama wakili.

"Korongo la Eric. Nyuzi arobaini na tano. Wa kwanza kushuka, S. Cattanach." Ndiye Struan wangu.

Tavish aliacha kutafuna.

Mama mkwe akauliza, "Eric nani?"

Upepo! Upepo umemla bibi yangu! Nikaanza kueleza, Oirik, Oirik, na kadiri nilivyorudia ndivyo ilivyozidi kuwa Eric. Bwana Torquil masikini akawa mwekundu. Kasema kurasa anazipeleka kwa mchapaji Jumatatu saa sita mchana, nikimwandikia jina kwenye karatasi atabadilisha. Nikasema kalamu! Hapakuwa na kalamu, yake ilimwangukia kwenye theluji jana. Nikasema nitaleta kesho.

Senga alikuwa kasimama mlangoni, anatabasamu kama paka. Alikwishasikia vya kumtosha.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani wameniangalia wote. Eric hapa kijijini ni mmoja tu. Eric Tulloch, anayeleta mitungi ya gesi. Umri sitini na tatu, hana mke, anasema na watu habari za vali tu. Nyuma yangu nilisikia mtu akimwambia mwenzake kwamba kweli, nyumba ile hupokea gesi mara nyingi sana. Tuna mtoto mchanga! Tunachemsha maji!

Nikarudi, nikaandika O-I-G-H-R-I-G kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Nikavaa koti. Nikafungua mlango.

Eric Tulloch huyo hapo! Kavaa tai. Mkononi keki ya matunda kaoka mwenyewe, imeungua ubavuni. Kasema hakai. Kasema amepandisha mitungi milima hii miaka ishirini na nane, na hakuna mtu aliyewahi kuita kitu chochote kwa jina lake, hata mbwa. Kasema amempigia simu dada yake aliye Kanada, na dada yake kalia. Nikamkaribisha ndani. Akasimama kwenye dirisha la jikoni akaangalia lile korongo mpaka chai ikapoa. "Ni jembamba," kasema, "lakini limesimama vizuri."

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu muda wote.

Jumatatu, 11 Machi

Saa sita imepita. Sikwenda.

Ukurasa umekwenda kwa mchapaji na Eric wake. Nimemwambia Bibi samahani. Keki ilikuwa nzuri ukiondoa ubavu.

Kesho ndiyo siku ya mwisho. Mama mkwe kasema atafuatana nami mjini, ashuhudie. Ameshapiga pasi blauzi.

Jumanne, 12 Machi

Nimeingia ofisini kwa msajili na hadithi tatu nilizozitunga usiku, na kipande cha keki cha kumlainisha. Mama mkwe pembeni, Struan nyuma, mtoto kalala. Msajili ni bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, anaitwa Beathag. Akauliza jina la mtoto. Nikalitaja kwa sauti ndogo, huku natafuta ile karatasi.

Hakuinua hata kichwa. Akaandika. Herufi saba, bila kusita! Kasema shangazi yake wa kisiwani Harris alikuwa Oighrig, mwanamke mkali, mkarimu, na kwamba jina hilo halisikiki tena siku hizi, ni huzuni. Akageuza ukurasa tutie sahihi.

Nililitazama. Nikaweka kidole karibu nalo, si juu yake. Hili halipanguswi.

Mama mkwe akavaa miwani, akaanza kusema kwamba yeye alisema kitabu, na hiki sasa ni kitabu au ni makaratasi ya serikali? Msajili akamwangalia. "Mama, hiki ndicho kitabu chenyewe."

Mama mkwe kanyamaza kama alivyoahidi. Kanyamaza mpaka tulipofika kwenye gari. Hapo kasema wa pili ataitwa Wilma.

Jumatano, 13 Machi

Nimepiga hesabu yote tangu mwanzo. Bila biskuti, bila korongo, bila Senga kunaswa kwenye kiti cha jikoni, nisingelipata jina hili kamwe. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kupanga naweza!

Senga kaja kumwona mtoto. Kasema kamkumbuka. Kakaa saa mbili kwa hiari yake, na supu safari hii nilipika.

Sasa shida moja tu. Kitabu kitatoka na Korongo la Eric, aliyelishuka ni mume wangu, na kwetu hatuna Eric hata mmoja. Watu watasema nini? Kitabu hakibadiliki tena. Lakini familia inabadilika! Mama mkwe akileta mambo yake ya Wilma, nitamwambia anionyeshe kwanza jina hilo kitabuni. La mwanangu wa pili tayari liko kwa mchapaji.

Nimemweleza Struan mpango. Safari hii hakusema mh. Kasema neno zima. Kasema, "Hapana."

Lakini hapana ya chini. Ile ya kukubali.