Kola Mbele ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Dharau gani hii! Nimezeekea kwenye karakana ya sare za shule, leo bosi anatangaza anatafuta msimamizi wa chumba cha kushona, na macho yake yanaenda wapi? Kwa Bi Nyoofu! Eti mishono yake imenyooka. Msimamizi hukaa kwenye kiti cha dirishani, anapigwa na upepo, anaamrisha. Kiti kile ni changu. Keshokutwa kila anayekitaka alete kola moja. Kola zangu hupinda kidogo. Si kosa langu, vitambaa vya siku hizi ni vikaidi.

Nyumbani tunaishi vizazi vinne na bafu moja. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Tangu astaafu kazi yake ni kukagua pindo za mapazia yangu. Hawezi kuona mshono umepinda asiufumue. Nimepata wazo!

Jumanne, 4 Machi
Nimeiacha kola mezani, upande uliopinda juu. Nikaiambia sufuria, kwa sauti, kwamba siku hizi hakuna anayejua kushona kola. Mume wangu akauliza naongea na nani. Mwanaume huyu ataniponza.

Jumatano, 5 Machi
Amenasa! Asubuhi kola imesimama kama askari. Mama mkwe anakunywa chai, uso mkavu. Nami nikaibeba mbio mpaka kazini. Bosi akaigeuza, akaivuta, akasema kiti ni changu. Bi Nyoofu amenuna mpaka basi. Raha iliyoje!

Kisha bosi akaongeza kwamba Ijumaa nitawaonyesha wenzangu ninavyoishona. Mbele ya wote. Chai ilinipalia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimwombe mama mkwe anifundishe? Thubutu! Angenisimanga mpaka nizikwe. Nimeacha kola nyingine mezani, nikajificha nyuma ya pazia nimwibie ujuzi. Akaketi. Akashika wembe wa kufumulia. Hapo Bibi, mama yake mama mkwe, ambaye ukimwomba atoke bafuni hasikii hata ubomoe mlango, akasema pazia linapumua. Binti yangu akalifunua, akacheka mpaka akakaa chini. Nikasema natafuta buibui.

Ijumaa, 7 Machi
Nimedhulumiwa! Nilianza vizuri, maneno mengi, kushona kidogo. Mara mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, na chakula changu nilichosahau! Nani alimtuma? Akaitazama kola. Nikamkazia macho. Wapi! Akaninyang'anya mbele ya watu, akafumua, akashona upya huku akieleza. Kola ikasimama.

Bosi akamuuliza kama ndiye aliyeshona na ile ya kwanza. Akajibu ndiyo, aliikuta imetelekezwa mezani akaionea huruma. Bi Nyoofu akawa wa kwanza kupiga makofi. Mnafiki! Kiti amepewa mama mkwe papo hapo. Nimelia nyuma ya marobota ya vitambaa, na siyo kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe yuko dirishani, futi shingoni, upepo wangu unampiga. Kola zangu zote amezirudisha. Amesema nikazishone upya nyumbani, nikishindwa nitahamishiwa kwenye vifungo. Vifungo! Mimi!

Jioni alikuja na kola yake mwenyewe kumwonyesha Bibi. Bibi akaipapasa, akaguna, akasema mtoto huyu hajawahi kujua kugeuza ncha za kola, amemfundisha mpaka amechoka. Mama mkwe akainama kama mwanafunzi. Moyo wangu ukaruka.

Walipotoka sebuleni nimeziweka kola zangu kwenye kiti cha Bibi, upande uliopinda juu. Kisha nimeiambia sufuria, kwa sauti kubwa zaidi maana Bibi hasikii vizuri, kwamba siku hizi hakuna anayejua kugeuza ncha.

Mume wangu ameuliza naongea na nani.