Besi Langoni kwa Mzee Moffat

Jumatatu, 3 Machi

Siku tano kabla ya kwenda Giakanja kupeleka mwati na harika kwa kina Nyawira. Yaani kondoo jike mmoja na mbuzi jike mmoja, wachanga, wasio na dosari. Wakipokelewa, Nyawira ameposwa na mimi, na hakuna mwanamume mwingine atakayebisha hodi pale. Wakikataliwa, sina changu. Nina miaka thelathini na minane. Sitaki kufikiria hilo la pili.

Baba yake, Mzee Moffat, ameongoza kwaya ya kanisa miaka thelathini. Inasemekana akiwa nje ya kanisa anaweza kumtambua mwimbaji mmoja aliyeamka na mafua. Mtu kama huyo humpati kwa maneno. Unampata kwa masikio. Nimepata kanda ya zamani ya kwaya yake, nimeihamishia kwenye flash. Nitafika langoni ikilia. Nimemdokezea Nyawira. Kilichobaki ni spika.

Kuna sababu nyingine ninayoiandika hapa tu. Mathenge, jirani yangu. Pikapu yake ina wufa, yaani spika ya besi, ya inchi kumi. Jumapili akiegesha kanisani, vioo vya magari ya wengine vinatetemeka na akina mama wanageuka kutazama. Gari yangu ya Probox ina spika mbili za milangoni, zile ilizokuja nazo. Moja inakwaruza. Nyingine imenyamaza tangu mwaka juzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda mjini kwa Shakir, fundi wa redio za magari. Mtu mpole. Nimempelekea chai ya moto na mandazi ili anihudumie vizuri. Nimesahau ni Ramadhani. Alishukuru, akaviweka mbali. Ikabidi ninywe mwenyewe huko nje, nimegeukia ukuta.

Aliniuliza maswali kama ya daktari. Nasikiliza nini. Nabeba nini. Nikamwambia nasikiliza kwaya na nabeba heshima yangu. Akasema basi nianze na milango: spika mpya mbili za inchi sita na nusu, twita ndogo za sauti nyembamba karibu na kioo, na mlango uzibwe kwa ndani usitetemeke. Wufa iwe ndogo, ya inchi nane, ikae chini ya kiti. Kwaya ni sauti za watu, alisema, na sauti za watu hutoka milangoni. Buti ya nyuma ibaki yangu, ya mizigo.

Nikamwonyesha ile niliyoiona kwenye rafu. Inchi kumi na tano. Imeandikwa wati elfu tatu kwa rangi ya dhahabu.

"Boss, hiyo namba ni ya kuuza," akasema. "Angalia hii ndogo hapa chini. Mia tatu. Hiyo ndio inaweza kubeba siku mzima."

Nimeona ananidharau. Mtu mwenye jirani kama Mathenge hanunui namba ndogo.

Alhamisi, 6 Machi

Ile ya inchi kumi na tano imefungwa garini. Sanduku lake limejaza buti yote, toka mlango wa nyuma hadi mgongo wa kiti. Spika za milangoni nimeziacha kwanza. Shakir aliunganisha ampu, ile mashine ya kukuza sauti, akaniomba nisipitishe sauti nusu. Nikapitisha hapo hapo. Kioo cha pembeni kilijikunja chenyewe. Nimefurahi sana leo, siwezi kuficha.

Soprano za kwaya hazisikiki sawasawa. Lakini besi! Besi wa Mzee Moffat walikuwa wanne tu, sasa ni kama arobaini.

Tata Magdaline amepiga simu. Ni dada yake marehemu baba, na ndiye atakayeongoza akina mama wa upande wetu. Anasema wamefanya mazoezi ya wimbo wa langoni. Wenyeji hufunga lango na kuimba, wageni hujibu kwa wimbo, wanajibizana hivyo mpaka lango lifunguliwe. Nikamwambia wapumzishe koo zao, nina jibu la wati elfu tatu. Akauliza kama nimekula.

Ijumaa, 7 Machi

Kondoo na mbuzi wameletwa. Wazuri sana. Anko Mwai, msemaji wetu, akauliza watapanda wapi. Nikaenda kufungua buti. Nikaifunga. Wiki nzima ya kuchagua spika na sikumkumbuka kondoo hata mara moja.

Anko akasema tuombe pikapu ya Mathenge. Mathenge mwenyewe alikuwa pale uani. Akasema hana neno, hata nyasi za kulalia atawatandikia. Nikakataa. Heri nimbebe kondoo mgongoni kuliko kuposa kwa pikapu ya Mathenge. Watakaa kiti cha nyuma na Tata. Safari yenyewe ni fupi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa ndani ya gari. Redio nimezima.

Njiani kulikuwa na amani. Kondoo alikaa kwenye mapaja ya Tata, wote wawili wameegemea kiti, yaani wameegemea wufa. Mbuzi alitazama mashamba. Tulipofika kwa Mzee Moffat, akina mama wao walikuwa wamefunga lango na wimbo umeanza. Waliimba vizuri, kusema haki. Akina mama wetu walishuka kwenye matatu, wakajipanga nyuma yangu, wakanitazama. Nikafungua sauti mpaka mwisho.

Kondoo alimpanda Tata kichwani. Mbuzi akarukia nje kupitia dirishani. Kule langoni wimbo ulikatika. Wakajaribu ubeti mmoja tena, hawakusikiana, wakaacha. Nilipozima, kilichosikika ni kuku tu. Nilikuwa langoni, ndani ya gari, bila wimbo wa kujibu.

Mzee Moffat alikuja mwenyewe mpaka kwenye dirisha langu. Akaniuliza hiyo ilikuwa nini. Nikamjibu kwa heshima kwamba ni kwaya yake.

"Wamae," akaniita kwa jina polepole, "hiyo ni kwaya yangu? Na soprano umeipeleka wapi?"

Wazee wakakagua wanyama. Kondoo alikuwa anatetemeka, miguu haimbebi, akalala chini vumbini. Mbuzi alikuwa amechubuka goti. Anko Mwai alizungumza vizuri sana kwa dakika ishirini. Haikusaidia. Wenye dosari hawapokelewi. Tulipewa chai, tukaambiwa turudi Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili na wengine walio wazima.

Nilimwona Nyawira mlangoni pa jikoni, amevaa nguo aliyoshonewa kwa ajili ya leo. Hakutazama upande wangu. Niliumia.

Jumapili, 9 Machi

Nyawira amepiga simu baada ya kanisa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Amesema mama yake, aliyefariki miaka minne iliyopita, ndiye anayeimba peke yake katikati ya ile kanda. Nakala yao iliharibika zamani. Baba yake aliposikia naileta, aliamka mapema, akaketi kwenye kiti karibu na lango tangu asubuhi. Alitaka kumsikia mke wake. Akasikia mdundo.

Sikujua. Nimesema pole, nikarudia pole, nikaona neno lenyewe ni dogo. Nyawira akasema amenitetea kwa baba yake mara moja na hajui kama ataweza mara ya pili. Ameniomba kitu kimoja tu, nije kimya. Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wangu wote.

Jumanne, 11 Machi

Nimetulia nikafikiri kwa makini, nikagundua kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwa kondoo. Aliletwa Ijumaa, akasafiri Jumamosi. Hakupata nafasi ya kuzoea. Hata mimi ningeshtuka.

Shakir nimemweleza yote. Alitikisa kichwa, akasema ataniwekea spika za milangoni na nitoe lile sanduku. Nimekubali la milango. Mama Nyawira lazima asikike, na asikike hadi kwa majirani. Sanduku nimeliacha, maana sauti nzuri kama ile inahitaji kusindikizwa. Kuhusu kuja kimya, ahadi ni ahadi. Siku hiyo sitafungua mdomo hata kidogo.

Kondoo na mbuzi wengine nimewapata leo, siku kumi na moja mapema, wasije wakaniangusha. Kondoo nimemfunga nyuma ya gari, hatua tatu kutoka kwenye buti. Nimeanza na robo ya sauti, azoee. Nyasi hajagusa tangu saa nne. Naona anasikiliza.