Karani wa Mizani Atafuta Daktari

Jumatatu, 5 Juni 1978. Rujewa.

Kiti cha ofisini kimevunjika. Cha tatu tangu Pasaka. Nimekaa sakafuni dakika kumi nikisubiri mtu wa kuninyanyua. Akaja Yotamu, karani wa stakabadhi, mwembamba kama ufito. Akauliza kama nimeangusha kitu. Nikasema kalamu. Akaitafuta kweli, taratibu sana, kila pembe, mimi nikiwa palepale chini.

Msimu wa mpunga umeanza. Foleni ya magunia imefika barabarani, na karani wa mizani wa kituo hiki cha kununua mpunga ni mimi. Si wakati wa kuugua. Lakini naumwa. Magoti yanawaka moto. Nikifunga kamba za viatu natweta. Na kaka yangu Faustin alianguka mwezi wa pili akitoka kanisani, kule Iringa, hakuamka tena. Mwili wake na wangu ulikuwa mmoja. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Mimi natimiza hamsini na mbili Oktoba. Naogopa kufa. Nimeshaandika, basi.

Ila dawa ipo! Nimeisoma kwenye gazeti kuukuu lililofungiwa sabuni. Ulaya wanampasua mtu mnene, wanakata utumbo na kuuunga kwa njia ya mkato. Chakula kinapita bila kusimama. Mtu anakula atakavyo na anakonda! Na binamu yangu anayefanya usafi wodini Dar es Salaam ameandika kwamba bingwa mgeni wa kazi hiyohiyo yupo huko hadi Julai 15. Anampokea yeyote mwenye barua ya daktari wake.

Barua! Ukurasa mmoja tu. Nani atanyimwa ukurasa mmoja?

Jumatano, 7 Juni. Iringa.

Nimekuja kwa Daktari Jailos. Ndiye daktari wa familia yetu. Alimtibu baba, akamtibu mama, akamtibu Faustin. (Wote wamekufa, lakini si kosa lake.)

Nilisahau jambo moja. Yeye ni mnene kuliko mimi. Nilipomaliza kueleza alijitazama tumbo. Kisha akauliza, kama mimi ni mgonjwa wa kupasuliwa, yeye ni nani, marehemu? Akasema miaka thelathini ametibu watu waliokonda bila kutaka, hajawahi kuona anayeomba. Mwili huu ni heshima ya ukoo. Nirudi kazini.

Halafu akaniita mezani. Ugali, kuku mzima, maharage. Kukataa chakula cha mzee nyumbani kwake sijui mtu hufanyaje. Nimekula. Barua sikupata. Nimepewa mfuko wa viazi wa kupeleka nyumbani.

Ijumaa, 9 Juni. Rujewa.

Mke wangu, Mama Kalista, alikuwa anafua akakuta ule ukurasa wa gazeti mfukoni. Kwanza alilia kwa sababu ya kisu. Halafu akakasirika kwa sababu ya dada zangu. Nikikonda watasema ananinyima chakula! Akanikumbusha Faustin alipopungua kwa homa mwaka juzi. Dada zangu wote watatu walikwenda kwake na masufuria yao, wakampikia ndani ya jiko la mkewe, mkewe akitazama. Fedheha ya mwaka mzima. Akasema yeye hataki wageni wenye masufuria.

Nikamwambia fedheha ni afadhali kuliko kilio. Kisha akanipakulia sahani ya pili, nione anavyonipenda. Nikala, aone.

Jumatatu, 12 Juni. Mbeya.

Nimepata daktari! Ni mwanamke, anaitwa Daktari Ikupa, umri wake ni kama wa binti yangu mkubwa. Nilitaka kugeuza. Lakini benchi lilikuwa la chini na nilishakaa.

Hakucheka. Mkanda wa presha ulikataa kuzunguka mkono wangu, akaenda mwenyewe kutafuta mkubwa. Presha ni mbaya. Uzito, kwenye mizani ya hospitali: kilo 138. Aliuliza habari za Faustin na akaandika jina lake. Akasema unene wangu si uvivu wala si aibu, ni jambo linalostahili daktari. Nilitaka kulia. Nikakohoa badala yake.

Kuhusu kisu, alisema ukweli wote. Wengine hufa. Wengine hupona lakini maisha yao yanabaki chooni. Hata hivyo ataniandikia barua kwa sharti moja. Nijaribu kweli kwa wiki nne: nusu sahani, kazini kwa miguu. Kila Jumatatu nipime uzito huko niliko, shahidi atie sahihi, karatasi ije kwa dereva wa basi. Nikijaribu na nisipungue, tarehe 10 Julai anaandika. Nikipungua, kisu cha nini?

Akaniuliza kama Rujewa kuna mizani ya kuaminika. Nikamwambia anaongea na karani wa mizani mwenyewe! Akafurahi sana.

Kutopungua! Kazi niliyoifanya maisha yangu yote bila kusimamiwa!

Alhamisi, 15 Juni. Rujewa.

Nusu sahani ni mateso. Leo nimekula nusu sahani mchana, na nusu nyingine baada ya hapo, ili niwe mkweli kwa Daktari.

Jioni nilipita kwa Mzee Nkuba, yule Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga na sasa analima mpunga ng'ambo ya mfereji. Maziwa mgando, kibuyu kizima. Ananiheshimu sana. Anasema hajui kusoma, kwa hiyo ananitegemea mimi. Magunia yake hujaza mwenyewe kwa debe, kila gunia madebe sawa, anayasawazisha kwa mkono kama anamchana mtoto nywele. Mtu mwema.

Jumatatu, 19 Juni.

Balaa.

Nimepima baada ya kazi. Yotamu akawa shahidi. Nilipanda kwa raha, nikijua nimekula wiki nzima. Yotamu akasoma: 129.

Nimepungua kilo tisa! Nikadhani ndio ugonjwa wa Faustin umeanza kunila. Kisha nikakumbuka.

Ni ile skrubu. Nyuma ya mkono wa mizani kuna skrubu, na mimi kila mwanzo wa msimu huikaza kidogo. Kila gunia linasomeka pungufu kwa kilo tisa. Si wizi! Mpunga una unyevu, panya wanakula, ghala linavuja, mkuu wa kituo naye hataki kusikia upungufu mwisho wa mwaka. Aliyenitangulia alikaza kumi na moja. Mimi nina huruma.

Lakini skrubu haijui gunia wala karani. Na Yotamu alishaandika 129, akatia sahihi, akakimbia kumpa dereva wa basi. Hajawahi kukimbia kwa ajili yangu.

Ijumaa, 23 Juni.

Jibu la Daktari Ikupa limeletwa na basi. Anafurahi! Kilo tisa kwa wiki! Ana wasiwasi nisije nikajinyima kupita kiasi, nile mayai. Amewasomea wagonjwa wengine karatasi yangu, wakapiga makofi. Nikiendelea hivi, anasema, sitahitaji kisu kamwe.

Nimeisoma mara nne. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia barua nzuri kama hii. Na inaniua.

Nikisema mizani inadanganya, nakwenda jela. Nikinyamaza, bingwa anaondoka na mimi namfuata Faustin. Yotamu ametangaza kituo kizima. Wabeba mizigo wananipongeza. Mama Kalista amesikia kilo tisa na amefunga jiko kwa ufunguo, anawangojea dada zangu.

Nina mpango. Jumapili nailegeza skrubu, kituo kikiwa kitupu. Jumatatu jioni najipima, narudi 138 au zaidi. Daktari ataona mwili umegoma. Jumanne naikaza tena. Nani atajua?

Jumatatu, 26 Juni.

Nimechoka kuandika, lakini niandike.

Jana baada ya misa nililegeza skrubu. Mizani ikawa ya kweli kama ya hospitali. Leo nilikusudia kuchelewesha kazi, niseme daftari limepotea, ili gunia lolote lisipimwe kabla yangu. Sasa natembea kwa miguu kwa amri ya Daktari, nikapumzika mara sita njiani. Nilipofika, Yotamu alishafungua. Alishapima magunia kumi na mawili ya Mzee Nkuba.

Mzee alikuwa amesimama, anahesabu kwa vidole. Ana kijiti ambacho huchonga alama kila akija. Wiki iliyopita gunia lake kilo sabini na sita. Leo themanini na tano. Debe lilelile, mkono uleule, yote kumi na mawili. Hakupaza sauti.

“Karani,” akasema, “wewe umekonda kilo tisa, mpunga yangu imenenepa kilo tisa. Mlikuwa mnapeana?”

Foleni nzima iligeuka kunitazama. Nilisema ni unyevu. Mzee akauliza, unyevu wangu au wa mpunga?

Jumanne, 27 Juni.

Wakulima wamekalia magunia yao, hakuna kuuza wala kupakia. Mkuu wa kituo alikuja. Alishangaa kuliko wote. Alishangaa vizuri kiasi kwamba hata mimi nilianza kuamini hajui. Akaniita mhujumu mbele ya watu.

Kulikuwa na vijana waliotaka polisi. Mzee Nkuba akakataa. Akasema polisi hawatarudisha mpunga. Wameamua hivi: kilo zote zitolewe ghalani zirudishwe. Mizani nimenyang'anywa, amepewa Yotamu. Na mimi nipite na daftari, kwa miguu, kila nyumba ya mkulima, niandike alileta magunia mangapi tangu mwaka jana, na niombe radhi mlangoni.

Nyumba sitini na nane.

Jumatano, 5 Julai.

Nyumba arobaini hadi sasa. Magoti yamevimba. Sikujua bonde letu la Usangu ni pana hivi.

Wananisema. Mmoja aliniita panya wa ghala. Lakini saa ya chakula ikifika hakuna anayeniacha nje. Mtu akiwa uani kwako anakula, hata akiwa mimi. Wananisema huku wananipakulia. Jana nyumba tano, sahani tano. Nikikataa wanaona nimewadharau mara ya pili.

Leo nilifika kwa Roza, mjane wa karibu na mfereji. Magunia matatu tu mwaka jana. Kilo ishirini na saba. Akaniambia bila hasira kwamba mwezi wa kwanza walikula mahindi ya kuomba, akadhani ni yeye aliyepima vibaya shambani. Akanipa wali. Nilishindwa kumtazama. Niliona aibu, aibu kabisa, imekaa kifuani hapa. Wali ulikuwa na nazi. Niliumaliza.

Jumatatu, 10 Julai. Mbeya.

Mama Kalista alikataa kubaki, tumekuja wote. Daktari Ikupa anajua kila kitu. Yotamu amemwandikia kurasa tatu.

Alinipima. 141. Akatupa viti, changu akachagua mwenyewe, kilikuwa cha chuma.

Akasema yeye si polisi na mpunga una wenyewe. Akasema moyo wangu unamtia hofu kuliko unavyonitia mimi mwenyewe. Akafungua mtoto wa meza, akatoa barua. Barua yangu! Imepigwa chapa, jina langu kamili, jina la bingwa. Ilibaki sahihi tu. Alishika kalamu.

Ila ana swali moja, akasema. Aliyekatwa utumbo humwambia daktari wake ukweli kila wiki hadi mwisho wa maisha, kila anachokula, la sivyo hufa kimyakimya. Kwa hiyo nimwambie chakula cha jana. Chote. Hata kiwe kingi namna gani, atatia sahihi. Hataki kidogo, anataka kweli.

Jana nilikuwa nyumba nne. Sahani nne za wali, mguu wa mbuzi kwa Mzee Nkuba, kibuyu cha maziwa, na mihogo njiani. Nilijua. Ilikuwa mdomoni. Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi.

Nikasema: uji kikombe kimoja, na papai.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka yenyewe. Mama Kalista akafumba macho.

Daktari akafunika kalamu. Hakunifukuza. Akanipa vidonge vya presha, akamweleza Mama Kalista namna ya kuvitoa. Akasema kila Jumatatu atakuwepo, mwaka huu na mwaka ujao, na siku nitakayomjibu kweli atanitafutia bingwa mwingine hata kama ni wa nchi nyingine. Kwenye basi Mama Kalista alivishika vidonge mwenyewe hadi Rujewa.

Jumapili, 16 Julai. Rujewa.

Bingwa ameondoka jana. Nimesikia ndege hazichelewi.

Nyumba sitini na nane zimekwisha. Nimelala mchana kutwa. Nikipanda ngazi za kanisa sasa nasimama mara mbili, na watu wananipita wakinishika bega, kama wanavyomshika mfiwa. Mama Kalista ananipakulia nusu sahani, anakaa mbele yangu hadi nimalize, halafu anatoa kidonge. Hata dada zangu wakija, anasema, waje tu na masufuria yao.

Daktari Ikupa ametuma salamu kwa dereva wa basi. Kesho ni Jumatatu, ananingoja. Ni daktari mwema, sijapata kumwona mwema kama yeye. Kosa lake ni kuuliza.

Dereva huyohuyo kaniambia habari nyingine. Njombe kuna daktari mpya, mpole, anaandika barua upesi kwa bingwa yeyote, haulizi mengi, na mizani ya hospitali yake iliharibika wakati wa mvua.

Naondoka na basi la alfajiri. Mama Kalista nimemwambia naenda Mbeya. Amefurahi, amenipigia pasi shati jeupe.