Bendera ya Njano kwenye Kona ya Mbali

Jumatano, tarehe 6

Mjukuu wangu, yule binti anayenyoa kichwa kama askari, ataendesha pikipiki katika mbio za matope Jumamosi. Familia nzima itakwenda kumtazama, isipokuwa mkwe wangu aliye na zamu kazini. Mama yake amemwalika pia Bibi Mshonaji, jirani yetu, mjane mwenye heshima zake na kicheko kinachovuka ukuta. Nimefurahi kupita kiasi kinachomfaa mtu wa umri wangu. Nimeiomba radhi picha ya marehemu mke wangu. Haikukunja uso.

Azma yangu ni moja tu: Bibi Mshonaji aketi kando yangu.

Kikwazo ni Mfamasia Mstaafu. Amejialika. Ana kiti cha kukunja chenye mwavuli na mahali pa kuwekea kikombe. Anavyo viwili! Mwanamume anayeishi peke yake, viti viwili vya nini? Sipendi kumdhania mwenzangu vibaya. Namdhania.

Ijumaa, tarehe 8

Wazo limekuja! Mkwe wangu huziba mashimo ya barabarani, na kizibao chake cha kung'aa hutundikwa nyuma ya mlango. Mwenye kizibao cha namna ile haulizwi swali popote duniani. Nitakivaa, nitampitisha Bibi Mshonaji ndani ya kamba, nitamketisha karibu na tuta ambapo pikipiki huruka. Mfamasia na mwavuli wake watabaki nje pamoja na umma.

Nimekiazima bila kumwambia mwenyewe. Alikuwa amelala, na si uungwana kumwamsha mtu aliyechoka.

Jumamosi, tarehe 9, jioni

Laiti ningalibaki nyumbani!

Nilianza kwa kukagua njia. Nikapita chini ya kamba, kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama vizuri. Kiuno ndicho kilichokataa kurudi. Mama mmoja mwenye kipaza sauti akaja kuninyoosha, akakiona kizibao, akapaza sauti: "Mzee, afadhali umefika! Kona ya mbali haina mtu!" Nilifungua kinywa nijieleze. Lakini alikuwa amefurahi mno, ningemvunjaje moyo? Nikamshukuru. Akanikabidhi bendera ya njano, akanionya nisiipunge mpaka mtu aanguke, ili wengine wapunguze mwendo.

Kona ya mbali! Matope hadi kwenye soksi. Nikatazama ng'ambo ya uwanja: mwavuli. Chini yake, viti viwili. Katika kiti cha pili, kilemba cha Bibi Mshonaji. Mfamasia alikuwa akimmiminia chai, tena kwa madaha.

Mbio zikaanza. Pikipiki zilinguruma, zikaruka tuta, zikanipaka matope kwa zamu. Kila moja niliivulia kofia. Mzunguko wa mwisho kundi zima likaja kwa pamoja, mjukuu wangu akiwa wa tatu. Akanitambua. Akainua mkono kunisalimia.

Mapadri wa shule yetu ya misheni walituchapa kwa makosa mengi, na kubwa kuliko yote lilikuwa salamu isiyoitikiwa. Mkono mmoja ulishika kofia, wa pili bendera. Nikapunga vyote.

Kundi lote likapunguza mwendo. Mjukuu wangu peke yake hakupunguza, maana ananijua tangu azaliwe, akaelewa kwamba hakuna aliyeanguka, ni Babu tu anaitikia. Akawapita wote. Akashinda! Nikarusha kofia. Kabla haijatua, waamuzi walikuwa wamemshusha hadi nafasi ya mwisho kwa kupuuza bendera.

Niliwaomba radhi waendeshaji wote, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akaniambia, "Yameisha, babu, ila niache kwanza nivue helmeti." Mjukuu wangu akaamuru kwamba siku nyingine mikono yangu ikae mfukoni, kisha akacheka hadi akaketi kwenye matope.

Ndipo Bibi Mshonaji akaja, viatu mkononi, akikata matope. Mfamasia alimwita arudi, ila hakuthubutu kuchafua viatu vyake. Bibi alinigeuza kama nguo ya mteja, akatangaza kwamba kizibao nimekivaa mbele nyuma. Akauliza nilitafuta nini kona ile. Nikamweleza yote, macho chini. Uwanja mzima ukasikia kicheko chake.

"Bwana wee! Si ungesema tu, njoo tukae? Ningekaa hata juu ya jiwe!"

Tukakaa juu ya gurudumu kuukuu hadi mbio za mwisho. Sikuona pikipiki hata moja.

Jumanne, tarehe 12

Nimeyatafakari maneno ya Bibi Mshonaji. Leo nimesimama mbele ya kioo nikajaribu: "Karibu chai Alhamisi." Hivihivi, bila utangulizi, bila sababu! Hapana. Mwanamke wa heshima haendewi namna hiyo.

Nimepata njia yenye staha zaidi. Mashindano yajayo wanahitaji wabeba machela. Nimejiandikisha. Machela hubebwa na watu wawili, hivyo nimemwandikisha Bibi Mshonaji kuwa mwenzangu, bila kumsumbua kwa maswali. Kizibao nimekwisha kukifua. Mkwe wangu anakitafuta tangu Jumamosi, namsaidia kutafuta.

Tunahitaji pia majeruhi wa kufanyia mazoezi. Nimemwomba Mfamasia, kwa unyenyekevu. Amekubali, mradi abebwe pamoja na mwavuli wake.