Mzee Niliyemketisha Kando ya Mama Nyokabi

Leo nimeaibika, tena mbele ya soko zima. Kosa lenyewe nililianza zamani, nilipokuwa najifundisha kuchora: miguu ya benchi ilinishinda, nikazoea kuificha kwa kuketisha mtu juu yake. (Mtu wa kubuni. Sikuona ubaya.)

Asubuhi soko la Nyeri lilikuwa ndani ya ukungu. Nikasimama ng'ambo ya njia, nikamchora Mama Nyokabi, muuza mboga za sukuma wiki, upesi upesi kwa penseli. Benchi lililokuwa kando yake lilikuwa tupu. Nikaweka mzee wa kofia. Vidole vilikuwa vimeganda kwa baridi, penseli ikatoboa karatasi pale kwenye kofia. Almanusura niichane! (Mimi huchana kwa kosa dogo kuliko hilo.)

Kumbe Mama Nyokabi alikuwa ameniona.

"Kijana, leta nione kama nimetoka vizuri."

Nikampa daftari. Akaangalia. Kisu cha kukatia sukuma kikatulia mkononi.

"Huyu umeona yeye wapi?"

"Nani, mama?"

"Si huyu ni Baba Nyokabi!" Akamwita jirani yake, muuza viazi. "Njoo uone! Hata kofia iko na ile shimo!"

Jirani akatazama mchoro, akatazama benchi, akarudi nyuma hatua mbili. Ndipo akaninong'oneza: mume wa Mama Nyokabi alizikwa mwaka jana. Tangu siku hiyo hakuna anayekalia benchi lile. Wateja wote wanajua. (Mimi hununua sukuma kwingine.)

Watu wakajaa. Na naapa, benchi lilitoa mlio wa kukaliwa.

"Amesema nini?" Mama Nyokabi aliniuliza polepole. "Alienda bila kuniaga."

Ningeweza kudanganya. Lakini kwa macho yale, sikuweza!

"Mama, sikuona mtu. Nimemtunga. Sijui kuchora miguu ya benchi."

Muuza viazi akadakia: "Ati umefufua mzee wa watu kwa sababu ya miguu ya benchi?"

Soko likaangua kicheko. Nilitamani ukungu unifunike kabisa. Mama Nyokabi hakucheka. Aliichana karatasi kutoka daftari langu, akaikunja taratibu, akaitia kifuani. Halafu akaketi kwenye benchi, pembeni kabisa, kama anayemwachia mtu nafasi.

Mkitaka kucheka, chekeni. Kuanzia leo nitachora walioko tu.