Karanja Aliponitetea Kama Bwana Harusi

Leo nimefutwa kazi mara ya pili. Kazi ile ile. Mara ya kwanza nilifutwa ovyo ovyo. Leo nimefutwa kwa utaratibu, na sahihi nimeweka mwenyewe.

Wacha nianze mwanzo, kwa sababu nawajua, mtauliza maswali.

Nafanya (nilikuwa nafanya) kazi kwa kiwanda cha biskuti hapa Eneo la Viwanda Thika, kwa mashine ya kupakia. Wiki jana katoni nzima ya paketi tupu ilifika duka moja Ruiru. Paketi zimefungwa vizuri, tarehe iko, ndani ni hewa. Msimamizi akaja akaniambia nisirudi kesho. Basi. Hakuna barua, hakuna swali.

Na kosa halikuwa langu! Ile mashine ina jicho linaloangalia kama biskuti zimeingia kwa paketi, na jicho lilikuwa limekufa. Nilimwambia msimamizi mara tatu, na mara zote tatu Karanja, dereva wetu wa forklift, alikuwa amesimama hapo hapo akisikia.

Nilienda nyumbani nikasoma kwa simu kwamba mwajiri anaweza kukufuta saa yoyote, bila sababu, na huna la kufanya. Nikaomboleza siku mbili. Mke wangu akachoka kuniangalia, akanituma ofisi ya leba, ile ya serikali ya kutetea wafanyakazi. Afisa wa pale, mama mpole, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kuona nilichosoma. Akavua miwani.

"Baba, hii ni sheria ya Amerika. Wewe unafanya kazi Thika."

Akanieleza kwamba hapa kwetu mtu huambiwa kosa lake, husikilizwa, na anaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzake. Akapigia kiwanda simu mbele yangu. Kikao kikawekwa leo, saa nne asubuhi. Nilitoka pale nikitembea kama mwenye kiwanda.

Mwenzangu nikamchagua Karanja. Yeye ndiye shahidi, na mdomo anao. Kutoka Mwihoko mpaka Thika, familia ikipeleka mahari, kwa ile shughuli yetu ya ruracio, Karanja ndiye msemaji wa upande wa kijana. Hajawahi kunyimwa msichana hata mmoja. Nikasema huyu ndiye wakili. (Nilimchagua mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.)

Leo akaja na koti na kofia. Tukafika ofisi ya HR, wale wa mambo ya wafanyakazi, mlango uko wazi, Madam mwenye ofisi anatuita tuingie. Karanja hasongi. Amesimama nje, kofia mkononi, anangoja tukaribishwe mara ya pili, kama wageni wa ruracio. Alipoingia, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba tumechelewa dakika nne na faini tuko tayari kulipa. Madam akaangalia saa, akaandika. Hata hakuwa amegundua tumechelewa.

Msimamizi akasoma shtaka: niliacha mashine ipakie hewa. Nikafungua mdomo. Karanja akaniwekea mkono kwa goti.

"Kijana haongei," akasema. "Kijana ana wazee wake."

Nina miaka arobaini na moja. (Karanja ana arobaini na nne.)

Kisha akawageukia. "Hayo mmesema tumeyasikia. Sisi hatukuja kubishana na nyumba hii. Tumekosa."

Nikamnong'oneza aseme juu ya jicho. Akaninong'oneza nitulie, kwanza tunawalainisha. Msimamizi alipoona mambo ni rahisi hivyo, akaongeza kwamba Jumanne nilikuwa kwa simu wakati wa kazi. Karanja akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Hata Jumatano," akasema.

Karanja akawaomba kama kuna kitu kingine kiko kwa roho wakitoe chote leo, tusirudi nyumbani na kinyongo. Madam akafungua ukurasa mpya. Msimamizi akakumbuka gambuti zilizopotea. Karanja akaziombea msamaha. Msimamizi akakumbuka siku nilikosa kazi kwa sababu ya mazishi ya nyanya yangu. Karanja akaomba msamaha kwa niaba ya nyanya.

Mwishowe Madam akauliza kama tuna pingamizi lolote.

"Hatuna," Karanja akasema, akisimama na kufunga kifungo cha koti. "Na sasa, kwa unyenyekevu, tunaomba hii kazi. Kijana ameipenda."

Madam akapiga mstari chini ya yale aliyoandika, akachapisha barua ya kunifuta, akanisukumia. Nikaruka juu nikaanza kueleza habari ya jicho, mara tatu, msimamizi, forklift, yote kwa pumzi moja. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto wa nasari.

"Hiyo ungesema wakati wa kusikilizwa," akasema Madam. "Msemaji wako amekubali makosa sita. Mimi nilikuwa na moja."

Nikaweka sahihi kwamba barua nimepokea. Karanja akaweka yake kama shahidi, kwa madoido mengi, kisha akauliza kama kuna chai. Madam, nadhani kwa kunihurumia, akasema nina siku tano za kukata rufaa kwa meneja mkuu, na naweza kuja na mwenzangu tena.

Kwa geti nilikuwa karibu kulia. Mke wangu alikuwa ameshapiga simu mara mbili na sikujua nianzie wapi. Karanja akapangusa kofia yake, akaivaa.

"Usijali," akaniambia. "Leo ilikuwa siku ya kujuana tu. Maneno yenyewe huanza mara ya pili."

Nimeandika ushahidi wake kwa karatasi, mistari miwili, na ameweka sahihi. Rufaa ni Jumatano. Yeye nimemwambia ni Ijumaa, na atakayemwambia ukweli, mimi na yeye tutakosana.